Fito Kwanza, Njegere Baadaye

Maharage ya kutambaa hupanda kwa shina. Shina lenyewe huizunguka nguzo na kwenda nayo juu hadi kileleni, na nguzo ikiwa nene kidogo si neno. Njegere haina uwezo huo. Shina lake ni jepesi, lina uwazi ndani, na halijui kujizungusha. Kazi yote ya kushika imeachiwa vikono, yaani zile nyuzi laini za kijani zinazochomoza kwenye ncha ya kila jani. Mkulima anayeichomekea njegere mti mnene uliobaki shambani baada ya nyanya amefanya kazi ya bure. Kikono kitaugusa mti, kitajaribu kuuzunguka, kitashindwa, na mvua kubwa ya kwanza ikija mmea utalala chini.

Kosa hili liko kila mahali njegere inakolimwa, kuanzia milima ya Usambara hadi Njombe, na ng'ambo ya mpaka kule Kinangop na Molo, ambako Wakenya huziita minji. Si kwamba wakulima hawaiwekei miti. Wanaweka, ila huweka minene mno, michache mno, na mara nyingi wamechelewa.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake na auchunguze mche wa wiki tatu au nne. Jani lina vijani viwili viwili vilivyokaa mkabala, na mbele yake, mahali ambapo vijani vingine vingeota, kuna nyuzi tatu au zaidi zilizonyooka, ncha zimepinda kidogo. Nyuzi hizo ni vijani vilivyogeuka umbo. Hazikai kimya. Huzunguka hewani polepole, zikipapasa, na zikigusa kitu chembamba huanza kujikunja baada ya muda mfupi. Kufikia kesho yake kikono kimeshazunguka mara mbili tatu, na baada ya siku chache kinakomaa na kuwa kigumu kiasi kwamba ukikivuta, shina hukatika kabla yake. Kisipopata cha kushika hushika jani la jirani, na jirani naye kikono cha mwingine, hadi tuta zima linakuwa fundo moja.

Charles Darwin aliiweka njegere katika orodha ya mimea aliyoichunguza alipoandika juu ya mimea inayopanda, mwaka 1865. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Padova, Italia, waliirekodi njegere kwa kamera ikiuendea mti uliosimikwa mbele yake. Wakaona kwamba mwendo wa vikono hubadilika kulingana na unene wa mti huo, na kwamba huuendea mti mwembamba kwa kasi zaidi. Kwa mwenye bustani tafsiri yake ni moja: chochote kinachowekwa karibu na njegere kiwe chembamba kuliko penseli, au kama ni nguzo nene, basi iwe ya kubeba kamba tu, si ya kushikwa na mmea.

Mtu mmoja aliyelijua somo hili kwa vitendo ni Gregor Mendel, mtawa ambaye majaribio yake ya njegere ndiyo yaliyozaa elimu ya urithi wa viumbe. Kati ya 1856 na 1863 alilima maelfu ya mimea hiyo kwenye bustani ya monasteri yake mjini Brno, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech. Kitalu chake kilikuwa na urefu wa mita 35 na upana wa mita 7. Watu hukumbuka hesabu zake za mbegu za njano na za kijani, lakini ripoti aliyoichapisha mwaka 1866 inataja pia jinsi alivyoisimamisha mimea: kwa fimbo, kwa matawi ya miti, na kwa kamba zilizofungwa katikati. Miongoni mwa mbegu zake kulikuwa na ndefu zilizofika futi sita hadi saba, na fupi ambazo hazikufika hata futi mbili. Mimea ya futi saba iliyoanguka na kusokotana isingehesabika, wala isingejulikana ganda lipi ni la shina lipi.

Tofauti hiyo ya urefu bado iko madukani leo, na ndilo jambo la kwanza la kuuliza kabla ya kukata hata fito moja. Njegere fupi ni fupi kwa sababu hutengeneza kiasi kidogo cha homoni ya jiberelini inayorefusha shina. Little Marvel na Kelvedon Wonder huishia kwenye sentimita 45 au zaidi kidogo. Oregon Sugar Pod II, ambayo huliwa pamoja na ganda lake bapa, hufika kama sentimita 70. Sugar Snap yenyewe ni ndefu kweli: hupita mita moja na nusu na mara nyingi hukaribia mbili. Aina hiyo ilitolewa na mtafiti wa mbegu wa Marekani, Calvin Lamborn, ikapata tuzo ya All-America Selections mwaka 1979, na ndiyo iliyowazoesha watu ganda nene tamu linalotafunwa zima. Anayepanda Sugar Snap akaiwekea vijiti vya futi mbili atajuta katikati ya msimu, maana hapo hakuna tena njia rahisi ya kurekebisha.

Basi asome pakiti. Ikiwa mbegu ni za kupimiwa kwenye kopo sokoni na muuzaji hajui urefu wake, ni salama kuandaa nguzo za mita mbili. Nguzo iliyozidi haimdhuru mtu.

Kuna wanaosema aina fupi hazihitaji chochote. Ni kweli nusu. Zikipandwa kwa mistari iliyokaribiana hushikana zenyewe na kusimama kwa kusaidiana, na mashamba makubwa ya Ulaya hutegemea hilo. Wazalishaji wa mbegu wamelisogeza mbele zaidi kwa kutoa njegere ambazo karibu vijani vyote vya jani vimegeuka vikono, ili mimea ikumbatiane kuanzia ukingo hadi ukingo. Lakini huko huvuna kwa mashine, mara moja, wakamaliza. Bustani ya nyumbani huvunwa kwa mkono kwa wiki kadhaa, na kila mkono unaoingia ndani ya majani huvunja kitu. Hata njegere ya sentimita 45 iliyochomekewa vitawi huvunwa kwa urahisi zaidi, na maganda yake hayagusi udongo.

Kugusa udongo ndiko kunakoleta hasara kubwa. Matone ya mvua hurusha matope kwenye majani ya chini, na matope hayo hubeba vimelea vya madoa ya askokaita. Ganda lililolala kwenye unyevu huoza upande mmoja, konokono wakalimalizia. Mmea uliosimama hupitiwa na upepo, umande hukauka mapema, na dawa ikihitajika dhidi ya ubwiri unga humfikia adui hadi chini ya jani. Wakulima wa Kenya wanaouza njegere za maganda Ulaya huweka nguzo na kamba bila kusukumwa, kwa sababu ganda lenye doa au lililopinda halipiti kwenye meza ya kuchambulia.

Sasa lini? Siku ya kupanda mbegu, au siku moja kabla. Mizizi ya njegere iko juujuu, na huota haraka kuliko majani yanavyoonyesha. Anayesubiri mpaka mimea ianze kuyumba ndipo achome nguzo, anaichoma mizizi. Zaidi ya hapo, vikono vya kwanza hutokea mche ukiwa mdogo bado, wa sentimita 10 hadi 15. Vikikosa cha kushika wakati huo, shina hujilaza, kisha ncha yake hugeuka kuelekea juu na kufanya kiwiko, na kiwiko hicho ndipo shina litakapovunjikia baadaye.

Njia ya kwanza, ya zamani na ya bei nafuu kuliko zote, ni vitawi. Mtu anapopunguza matawi ya ua, mpera, mparachichi au kahawa, asiyatupe. Achague yenye vijitawi vingi, ayachomeke kwenye mstari kila baada ya sentimita 20 au 30, yakiegemeana kidogo ili yafanye wigo. Kila kijitawi ni mkono wa kushikwa. Kwa njegere zisizozidi sentimita 80 hakuna kinachoshinda njia hii, wala hakuna fundo la kufunga. Matawi hayo hayo huwazuia kuku na ndege wasiufikie mche mchanga, na ukubwa wa faida hiyo anaujua aliyewahi kuamka akakuta mstari mzima umedonolewa.

Tahadhari moja: tawi likauke kwanza, wiki mbili tatu juani. Glirisidia ikichomwa mbichi huchipua, na baada ya mwezi mwenye bustani anakuwa na msitu katikati ya tuta. Minyaa ndiyo isiguswe kabisa kwa kazi hii. Inashika mizizi upesi, na utomvu wake ukiingia jichoni ni habari ya hospitali.

Njia ya pili ni nguzo na kamba, na hii ndiyo inayofaa njegere ndefu. Nguzo zinaweza kuwa za mianzi, mkaratusi, au fito zozote imara. Kwa njegere ya mita moja na nusu, nguzo iwe ya mita mbili, sentimita 50 ziingie ardhini. Nguzo ya kila mwisho wa mstari ipewe mti wa kuegemea, uliosimamishwa kwa mshazari, maana hizo mbili ndizo zinazovutwa na uzito wote. Kati ya nguzo na nguzo pawe na mita moja na nusu hadi mbili, si zaidi. Kwenye udongo wenye mchwa, ncha ya chini ichomwe moto kidogo mpaka iwe nyeusi. Haizuii mchwa milele, ila inatosha kwa msimu. Oili chafu ya gari, ambayo wengine hupaka, haina nafasi mahali panapolimwa chakula.

Mbegu hupandwa mistari miwili iliyoachana sentimita 15 hivi, nguzo zikiwa katikati, mbegu na mbegu sentimita 5 hadi 7, kina cha sentimita 3 hadi 5. Kamba ya kwanza hufungwa sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Inaanzia nguzo ya mwisho, inapita nje ya mstari wa kwanza, inazunguka kila nguzo mara moja ili isiteleze, inafika mwisho, kisha inarudi kwa nje ya mstari wa pili. Mimea sasa iko ndani ya kamba mbili, na haina pa kuangukia. Kila inapoongezeka sentimita 15 au 20, kamba nyingine hupita vivyo hivyo. Shughuli hii huchukua dakika chache, mradi isiahirishwe. Wiki moja ya mvua na joto la wastani inatosha mmea kuipita kamba na kuanza kuinama nje.

Kamba hununuliwa pungufu kila mara, kwa hiyo hesabu ifanywe mapema. Tuta la mita 5, ngazi sita, pande mbili, ni mita 60. Ukiongeza mizunguko ya kwenye nguzo na mafundo, inafika kama 70.

Kamba gani? Ya katani. Mmea huo uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ikafika miche 62 tu iliyo hai, na kutoka hiyo Tanga ikawa jina linalojulikana duniani kwa katani. Itakuwa ajabu mkulima wa Korogwe au Lushoto aipite kamba hiyo dukani akanunua ya nailoni. Uzi wa katani una manyoya kidogo, na kikono hukamata manyoya hayo upesi. Uzi laini wa plastiki hukiteleza. Mwisho wa msimu katani hukatwa pamoja na majani yaliyokauka, vyote vikaenda kwenye shimo la mboji. Nailoni lazima ichambuliwe kipande kwa kipande, na kinachosahaulika hukutwa na jembe mwakani.

Wavu nao una watu wake. Wavu wa plastiki wenye matundu ya sentimita 15 ni mzuri: mkono unapita, ganda halinasi, na unatumika misimu kadhaa. Waya wa kuku hushikwa vizuri sana na vikono, ila kuuvua mabua yaliyokauka ni kazi ya kuchosha. Nyavu kuukuu za uvuvi, zinazopatikana kirahisi kandokando ya Ziwa Victoria, hazifai. Matundu yake ni madogo, maganda hukua yakiwa yamenasa, na mijusi na ndege hufia humo.

Mwelekeo wa mistari hauna uzito mkubwa katika nchi zilizo karibu na ikweta, kwa kuwa jua hupita karibu na utosi. Upepo na mteremko ndivyo vya kufikiriwa. Ukuta wa njegere uliolowa mvua ni mzito, na upepo ukiupiga kwa ubavu huung'oa pamoja na nguzo. Ni heri mstari uelekee upande upepo unakotoka. Kwenye mteremko, kama ilivyo sehemu kubwa ya Lushoto, mstari ufuate kontua bila mjadala, hata kama upepo hautaki, maana udongo ukishuka bondeni haurudi.

Mimea iliyowekewa tegemeo bado inahitaji kuelekezwa mara kwa mara. Ncha iliyotoka nje ya kamba irudishwe ndani kwa vidole viwili, taratibu. Wakati mzuri ni alasiri, shina likiwa limelegea kidogo. Asubuhi limejaa maji na huvunjika upesi, tena majani yana umande na mikono hueneza magonjwa. Panapolazimu kufunga, kipande cha kanga kuukuu kilichochanwa kwa upana wa kidole ni bora kuliko uzi. Kizungushwe shina kwa ulegevu, kivuke katikati kwa umbo la tarakimu 8, ndipo kifungwe kwenye nguzo. Fundo liwe upande wa nguzo.

Njegere ikirefuka kupita kiasi, majani mengi, maua machache, shina likiwa laini, mara nyingi tatizo si nguzo. Ni urea. Mizizi ya njegere hushirikiana na bakteria wanaotwaa naitrojeni hewani, kwa hiyo samadi iliyooza vizuri kabla ya kupanda inatosha, na kuongeza naitrojeni juu yake ni kununua majani.

Wenye nafasi ndogo nao hawakosi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Arusha, kwenye kama mita 1,400, zina ubaridi unaoruhusu njegere fupi kukua kwenye gunia au ndoo iliyotobolewa chini. Vitawi vitano sita vichomekwe kwa duara, vifungwe juu pamoja. Wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wasijisumbue: joto likikaa karibu na nyuzi 30, maua ya njegere hupukutika, na hakuna fito itakayoyarudisha. Kunde na mbaazi huko ndiko kwao.

Na ikiwa mimea imeshaanguka? Isiinuliwe yote kwa mkupuo. Nguzo zisimikwe nje ya mstari, mbali kidogo na mashina, kisha kamba ya chini ipitishwe chini ya mimea na kuinuliwa kidogo leo, kidogo kesho kutwa. Sehemu zilizofungana zikatwe vikono kwa mkasi badala ya kuvutwa. Baadhi ya mashina yatavunjika hata hivyo. Yaliyobaki yatazaa, ingawa si kama ambavyo yangezaa.

Mavuno yakianza, kwa kawaida kati ya siku 60 na 75 tangu kupanda kutegemea aina na ubaridi wa mahali, mikono miwili itumike: mmoja ushike shina, mwingine uchume ganda. Anayevuta kwa mkono mmoja hung'oa vikono kwenye kamba, na ukuta aliouhudumia miezi miwili unaanza kushuka. Njegere za maganda zichumwe kila siku ya pili, kwani ganda likiachwa likomae, mmea huhesabu kuwa kazi imekwisha na kuacha kutoa maua.

Msimu ukiisha, mashina yakatwe usawa wa ardhi na mizizi iachwe udongoni ioze. Mabua yenye ubwiri unga au madoa yachomwe au yafukiwe mbali na bustani, na mengine yaende kwenye mboji. Nguzo zing'olewe, zipanguswe udongo, zianikwe, kisha zilazwe darini au chini ya paa mahali pakavu. Tuta hilo lisipandwe tena njegere kwa miaka mitatu, na lisipandwe maharage pia, kwa sababu baadhi ya magonjwa ya mizizi hushambulia mazao yote mawili. Msimu unaofuata lipewe kabichi au vitunguu, na nguzo zisimikwe kwenye tuta jingine.